Mshitakiwa na Ungamo Lake

Msomaji, ikiwa umepata kufika Gazi, kijiji cha wavuvi kilicho kati ya Ukunda na Msambweni, labda ulionyeshwa nyumba kuukuu ya mawe. Hiyo ilikuwa nyumba ya Shehe Mbaruk bin Rashid wa ukoo wa Mazrui, ambaye alipigana na Waingereza katika miaka ya 1895 na 1896, akashindwa, akavuka mpaka akaingia katika nchi iliyokuwa chini ya Wadachi. Waongozao wageni hupenda kusimulia kisa kimoja juu ya nyumba hiyo. Husema kwamba mtu aliyeshukiwa alifungiwa chumbani, pilipili zikachomwa motoni, na moshi wake ukamsonga mpaka akasema lile alilotakiwa kusema.

Kisa hiki kina mafunzo mawili. La kwanza ni juu ya moshi. Mtu aliyejaa pilipili kooni hutaka kitu kimoja tu, nacho ni hewa. Akijua kwamba neno "ndiyo" litafungua mlango, atasema ndiyo. Mwizi atalisema, na asiye mwizi atalisema, na aliyesimama nje ya mlango hatakuwa na njia ya kuwatofautisha. La pili ni juu ya kisa chenyewe. Shehe Mbaruk naye ameshitakiwa na wasimulizi, wala hayupo kujibu. Tena habari zake nyingi zilizoandikwa ziliandikwa na watu wa upande uliomshinda. Kwa hiyo nakupa kisa hiki kama kisa, si kama hukumu. Msomaji mwenye busara husikiliza tuhuma kwa masikio mawili: moja kwa ajili ya anayeshitaki, na la pili kwa ajili ya anayeshitakiwa.

Insha hii ni juu ya sikio hilo la pili. Nataka tutazame jinsi fasihi yetu ilivyomchora mshitakiwa asiye na hatia, hasa katika vitabu viwili, "Kusadikika" cha Shaaban Robert na "Haini" cha Adam Shafi. Kisha tuvipime vitabu hivyo kwa mambo yaliyowapata kweli vijana wa umri wenu. Lakini mhakiki asiyejihakiki hafai kuaminiwa, na kwa sababu hiyo sharti nianze na kosa langu mwenyewe.

Nilipotoka katika chuo cha ualimu nilipelekwa kufundisha katika shule moja ya pwani hii. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minne, nina cheti kipya na imani kubwa juu ya akili yangu. Katika muhula wa pili zilipotea fedha za safari ya wanafunzi kwenda Mombasa kutazama Ngome ya Yesu. Zilikuwa shilingi 4,600, nazo niliziweka katika mtoto wa meza yangu. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili, kijana wa miaka kumi na mitano, mwana wa mvuvi, alikuwa ameonekana karibu na dirisha la ofisi. Na siku ya pili yake alikuja shuleni amevaa viatu vipya. Dirisha na viatu vilinitosha. Nilivifunga pamoja kwa kamba ya dhana, nikaona nimepata mwizi.

Nilimwita ofisini saa nne ya asubuhi. Sikumpiga, na kwa muda mrefu nilijisifu kwa hilo. Nilimsimamisha tu. Mwenzangu mmoja alikuwa akiingia na kutoka. Mimi nilisema kwa ukali, naye alisema kwa upole. Tulimwambia kwamba tunajua kila kitu, na hatukujua kitu. Tulimwambia kwamba wenzake wamekwisha sema, na hapana aliyekuwa amesema. Tulimwambia kwamba akikiri atakwenda zake nyumbani kula, na asipokiri wataitwa polisi. Ilipofika saa nane ya mchana aliinamisha kichwa akasema, "Ni mimi, Mwalimu." Nilimpa karatasi na kalamu, akaandika. Nilifurahi kama mvuvi aliyevuta nyavu zikawa nzito, asijue kwamba amevuta gogo.

Mama yake alikuja asubuhi iliyofuata. Alinisalimu kwa adabu, akakaa, akaomba aione karatasi. Aliisoma polepole, kisha akauliza, "Mwalimu, hapa mwanangu ameandika shilingi elfu nne. Zilizopotea ni ngapi?" Nikamwambia ni elfu nne na mia sita. Akasema, "Basi mwizi gani huyu asiyejua hesabu ya alichoiba?" Sikuwa na jibu. Akanitazama kwa muda, akauliza tena, "Ulimwuliza mwanangu, au ulimwambia?"

Nikakumbuka. Katika hasira yangu nilikuwa nikitaja "elfu nne" mara kwa mara, kwa kufupisha hesabu. Kijana aliandika kosa langu. Nikaisoma karatasi upya, nikaona kwamba hapakuwa na neno hata moja ndani yake ambalo hakulisikia kwanza kinywani mwangu: mtoto wa meza, dirisha, saa, viatu. Siku mbili baadaye ilionekana risiti ya benki. Mkubwa mmoja wa shule alizichukua fedha kwenda kuzihifadhi, kisha akaitwa matangani kwao kabla ya kunipasha habari. Viatu vilinunuliwa Ukunda na shangazi yake kijana. Nilimwomba msamaha mbele ya darasa lote, naye aliupokea kwa adabu. Lakini yeye aliyekuwa wa kwanza kuinua mkono kila nilipouliza swali hakuuinua tena mpaka alipomaliza kidato cha nne.

Nimeeleza habari hii kwa kirefu kwa kuwa ndani yake mna jambo ambalo ni shina la insha hii. Karatasi ile ilikuwa na mwandiko wa kijana, lakini mtungaji wake nilikuwa mimi. Ungamo la kulazimishwa ni aina ya utungo. Lina mwanzo, lina mwisho, lina wahusika na mandhari. Na kama utungo wowote, lafaa kuulizwa: nani aliyelitunga, kwa ajili ya nani, na maneno yake yametoka wapi? Anayejua kusoma fasihi kwa uangalifu anayo silaha ya kumtetea jirani yake.

Sasa tuvitazame vitabu. "Kusadikika" kilichapishwa katika mwaka 1951, wakati Tanganyika ilipokuwa chini ya utawala wa Waingereza. Ni hadithi ya nchi iliyo angani, ambako kijana Karama anashitakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kuanzisha mafunzo ya uanasheria. Karama anasimama mbele ya mfalme na baraza lake, akajitetea kwa siku sita. Katika siku hizo anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande mbalimbali kuitafutia nchi manufaa, wakapata taabu nyingi, wakarudi na mashauri mema, na kila mmoja akalipwa kifungo. Mwisho wake Karama anashinda, na waliofungwa bure wanafunguliwa.

Uzuri wa kitabu hiki ni mwingi, lakini kwa shauri letu la leo nitataja mambo mawili. Kwanza, mwandishi amechagua kosa kwa ustadi mkubwa. Karama hakushitakiwa kwa wizi wala kwa kuua. Alishitakiwa kwa kutaka watu waijue sheria. Mtawala anayeogopa mtu kuijua sheria amekwisha kujishitaki mwenyewe. Pili, utetezi unageuka kuwa mashitaka. Kila siku inapopita, Karama huonekana mdogo katika kesi na nchi huonekana kubwa, hata tunasahau kuuliza kama Karama ana hatia, tukabaki kuuliza kama Kusadikika ina hatia. Waandishi wachache wameweza kuhamisha kizimba kwa upole kama huu.

Hata hivyo yafaa tuulize swali moja gumu. Karama alishinda kwa nini? Je, alishinda kwa sababu alikuwa na haki, au kwa sababu alikuwa na ulimi? Wajumbe wale sita pia walikuwa na haki, nao walisema kweli. Lakini walikwenda gerezani. Shaaban Robert mwenyewe, basi, ametuonyesha kwamba kweli peke yake haitoshi. Iliyomwokoa Karama ni kwamba alipewa siku sita, alipewa masikio, na hakuguswa na mtu kabla ya kufika barazani. Fikiri kwamba Karama angekuwa na miaka kumi na mitano, na usiku kabla ya siku ya kwanza angefungiwa katika chumba pamoja na Majivuno. Asubuhi Majivuno angekuja mbele ya mfalme na karatasi mkononi, akasema: mshitakiwa amekwisha kukiri. Siku sita zingekuwa za nini? Hapo kitabu kizima kingekwisha katika ukurasa wa kwanza.

Sisemi hivi kumlaumu mwandishi. Alikusudia kuandika istiara ya utawala, na istiara ina haki ya kuacha mengi nje. Nasema hivi ili uone kwamba kuna chumba kimoja ambacho "Kusadikika" hakikukifungua mlango, nacho ni kile kilicho nyuma ya mahakama.

Mlango huo umefunguliwa na Adam Shafi katika riwaya ya "Haini" iliyochapishwa mwaka 2003. Rais wa Zanzibar, Abeid Amani Karume, aliuawa mwezi wa Aprili 1972. Baada ya mauaji hayo watu wengi sana walikamatwa, na Adam Shafi mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliotiwa kizuizini. Kesi ya uhaini ilianza kusikilizwa mwaka 1973 katika mahakama ambamo mawakili hawakuruhusiwa kuwatetea washitakiwa. Riwaya imejengwa juu ya msingi huo. Mhusika wake mkuu, Hamza, anakamatwa baada ya kiongozi wa nchi kuuawa, anafungwa, anateswa, na kutakiwa akubali kwamba alishiriki katika njama.

Tazama kwanza jina la kitabu. "Haini" ni neno la mshitaki. Mwandishi amelichukua neno ambalo wakubwa walimbandika mfungwa, akalibandika katika jalada. Na msomaji anafungua kitabu akiwa amekwisha kuambiwa kwamba mtu huyu ni haini. Kurasa zinapofunuliwa, neno lile huanza kulegea, likabanduka, na mwisho tunajiuliza ni nani hasa aliyeihini nchi. Hivyo msomaji anaingizwa katika kosa, kisha anafundishwa kutoka. Ni mafunzo mazuri kuliko hotuba.

Tazama pia namna ya maswali. Katika mahojiano ya kweli muulizaji hutafuta asichokijua. Katika chumba cha "Haini" muulizaji anayo hadithi yake tangu mwanzo, naye anatafuta mtu wa kuitia sahihi. Anayekana hupigwa kwa kuwa hajasema kweli, na kweli imekwisha kuamuliwa. Hali hii haikuwa ya Zanzibar peke yake. Katika Kenya, mwaka 1986 na 1987, watu wengi, nao wakiwa pamoja na wanafunzi na wahadhiri wa vyuo vikuu, walishikwa kwa tuhuma za Mwakenya, wakateswa katika vyumba vya chini vya Nyayo House mjini Nairobi, na baadhi yao walipelekwa mahakamani wakakiri makosa bila wakili. Katama Mkangi, mwandishi wetu wa pwani, aliwekwa kizuizini mwaka 1986; na alipotoa riwaya ya "Walenisi" mwaka 1995 aliianza kwa mtu aliyehukumiwa kufa kwa kuitetea haki. Mtu huyo alimwita Dzombo, jina ambalo msomaji wa Kwale atalitambua mara moja, kwa kuwa ni jina la mlima wetu.

Lakini "Haini" nacho kina upungufu mmoja kwa shauri letu. Ukatili uliomo ni wa mwili, nao unaonekana kwa macho. Msomaji mchanga aweza kufunga kitabu akidhani kwamba pasipo na kiboko hapana kulazimishwa. Tena Hamza ni mtu mzima, mwenye kuelewa siasa, ambaye anajua vizuri ni kitu gani anachotendewa. Ofisini kwangu hapakuwa na kiboko. Na kijana aliyesimama mbele yangu alidhani kwamba walimu hawasemi uongo.

Ili tuuelewe upungufu huo, tuvuke bahari kidogo. Tarehe 19 Aprili 1989, katika bustani kubwa ya mji wa New York iitwayo Central Park, mwanamke mmoja aliyekuwa akikimbia kwa mazoezi alishambuliwa, akanajisiwa, akaachwa karibu na kufa. Polisi waliwashika vijana waliokuwa bustanini usiku ule. Watano kati yao, wenye umri wa miaka 14 hadi 16, weusi wanne na mmoja wa asili ya Kilatini, walishitakiwa. Walihojiwa kwa saa nyingi bila usingizi wa kutosha. Waliambiwa kwamba wenzao wamekwisha wataja. Walifahamishwa kwamba wakisema watakwenda nyumbani. Wanne walirekodiwa katika picha za video wakikiri.

Sasa yasome maungamo hayo kama mhakiki. Hayakupatana. Huyu alisema hivi juu ya mahali, yule alisema vingine. Huyu alisema hivi juu ya mavazi ya mwanamke na namna alivyopigwa, yule alisema vingine. Alama za mwili zilizopatikana hazikuwa za hata mmoja wao. Lakini wazee wa baraza la mahakama walipowaona watoto wakisema kwa vinywa vyao wenyewe, waliamini kinywa wakaacha mengine yote, na mwaka 1990 wote watano walitiwa hatiani. Katika mwaka 2002 mtu mwingine aliyekuwa gerezani alisema kwamba ndiye aliyetenda, peke yake. Na uchunguzi wa DNA ukamthibitisha. Mwezi wa Desemba mwaka huohuo hukumu za wale watano zilifutwa. Mwaka 2014 mji wa New York ulikubali kuwalipa dola milioni 41. Mmoja wao, Yusef Salaam, alichaguliwa mwaka 2023 kuwa diwani wa mji uleule uliomfunga.

Kisa hiki kilifanywa filamu ya sehemu nne na Ava DuVernay mwaka 2019. Nguvu ya filamu hiyo ni katika sehemu yake ya kwanza, ambamo hakuna la kutisha zaidi ya chumba, kiti, njaa, na sauti ya mtu mzima inayoahidi. Hapo lile pengo la "Haini" limezibwa: tunaona kwamba ahadi ya kwenda nyumbani yaweza kumvunja mtoto kama kiboko. Udhaifu wake ni kwamba waendesha mashitaka wamechorwa kwa rangi moja. Mmoja wao aliishitaki kampuni iliyoitoa filamu, mwaka 2020, akisema kwamba amesingiziwa. Na shauri lile likaisha kwa mapatano mwaka 2024. Nalitaja jambo hili kwa kuwa halitupi ruhusa ya kusahau sikio la pili hata tunapomwonea uchungu aliyedhulumiwa. Anayetoka katika filamu akimchukia mtu mmoja amejifunza kidogo. Anayetoka akiichukia njia iliyotumiwa amejifunza zaidi, kwa kuwa njia hiyo yaweza kutumiwa na mtu yeyote, hata na mwalimu mwenye nia njema.

Wengine watasema: je, polisi wasiulize? Wizi upo, mauaji yapo, na aliyeumizwa anastahili haki. Ni kweli, na mtu anayelisema neno hili hasemi upuuzi. Lakini fikiri juu ya jambo hili. Wakati vijana wale watano wakiwa mikononi mwa polisi, mkosaji wa kweli alikuwa bado mitaani. Naye alitenda maovu mengine katika miezi iliyofuata ya mwaka uleule wa 1989, pamoja na kuua. Ungamo la uongo huwadhuru wengi. Humfunga asiyetenda, humwacha aliyetenda, humdanganya aliyeumizwa, na humnyima mpelelezi sababu ya kuendelea kutafuta. Mwenye kulikamua neno kwa nguvu hufunga kesi, lakini mkosaji hubaki nje.

Turudi nyumbani. Mwezi wa Agosti 2014, huko Kinango katika kaunti yetu ya Kwale, polisi waliingia usiku katika nyumba moja ya kijijini wakimtafuta mtu aliyeshukiwa kwa mauaji. Msichana wa miaka 14 alipigwa risasi akafa. Ilisemwa kwamba yeye ndiye aliyewashambulia polisi kwa panga. Tafakari, msomaji: huyu hakupewa hata nafasi ya kulazimishwa kuungama. Alikuwa amekwisha kufa, na maneno juu yake yalisemwa na waliompiga risasi. Tuhuma ilikuwa na kinywa, utetezi haukuwa nacho. Lakini wako waliokataa kuridhika na utungo wa upande mmoja. Halmashauri huru ya kuwachunguza polisi iliingia katika shauri hilo, mwili ukafukuliwa ukachunguzwa, na mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Mombasa iliwatia hatiani maafisa wawili kwa kuua bila kukusudia, wakahukumiwa kifungo cha miaka saba kila mmoja. Hukumu haikumrudisha msichana. Ilirudisha jina lake.

Kwa sababu ya mambo kama haya, sheria imejifunza kuwa mhakiki. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 49, inasema kwamba aliyekamatwa aelezwe sababu kwa lugha anayoifahamu, ana haki ya kunyamaza, asishurutishwe kuungama, na afikishwe mahakamani si baada ya saa 24, isipokuwa muda huo ukiisha nje ya saa za mahakama au siku ambayo mahakama haikai. Kifungu cha 50 kinamhesabu mshitakiwa kuwa hana hatia mpaka hatia ithibitishwe. Kifungu cha 53 kinasema kwamba mtoto asiwekwe kizuizini ila pale ambapo hapana njia nyingine, kwa muda mfupi iwezekanavyo, na mbali na watu wazima. Sheria ya Ushahidi, baada ya mabadiliko yake, inalikubali tu ungamo lililotolewa mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa polisi wa cheo kilichowekwa na sheria ambaye siye anayeipeleleza kesi hiyo. Tena awepo mtu wa tatu aliyechaguliwa na mshitakiwa mwenyewe.

Liangalie sharti hilo la mwisho kwa jicho la mwanafunzi wa fasihi. Sheria imetambua kwamba mpelelezi ni mtungaji mwenye haja na mwisho wa hadithi, ndiyo maana imemtenga na kalamu. Imeweka mtu wa tatu chumbani awe msomaji wa kwanza, anayeweza kuuliza lile swali la mama: umemwuliza, au umemwambia? Sheria nzuri, hata hivyo, ni kama jahazi lililotiwa nanga. Haliendi lenyewe pasipo watu wa kulipandisha tanga. Kijana asiyejua kwamba ana haki ya kunyamaza hana haki hiyo usiku anapoihitaji. Ndiyo maana kosa la Karama, yaani kuwafundisha watu sheria, ni kosa ambalo kila mwalimu angepaswa kulitenda.

Basi, msomaji, ukisikia kwamba fulani amekiri, usikimbilie kushangilia. Uliza alikuwa na nani alipokiri, na kwa muda gani. Uliza kama alisema jambo lolote ambalo muulizaji hakulijua kwanza, likatafutwa, likapatikana kuwa kweli. Uliza kama maneno yake yanapatana na vitu visivyosema uongo: risiti, saa, umbali wa njia. Na uliza angepata nini kwa kusema ndiyo, na angepoteza nini kwa kusema la. Maswali haya ndiyo tunayoiuliza riwaya darasani. Yatumie pia sokoni, barazani, na siku moja, huenda, mahakamani.

Kijana wangu sasa ni mtu mzima. Mwaka uliopita nilimkuta Gazi, kwenye lile daraja la mbao lililojengwa juu ya mikoko, akiwaongoza wanafunzi wa shule nyingine. Alinipa shikamoo, nikamwitikia marahaba, tukaulizana habari za nyumbani. Nilisimama nyuma ya kundi nikamsikiliza. Mtoto mmoja alikuwa amevunja tawi, na mwalimu wao alimshika bega mvulana aliyekuwa karibu, akamwambia, "Ni wewe." Mwongozaji aliacha maelezo yake. Akamgeukia mvulana yule, akainama mpaka macho yao yakawa sawa, akamwuliza, "Ulikuwa umesimama wapi?" Kisha akangoja jibu.

Jibu lilichelewa kidogo, naye hakulisaidia. Siku ile nilikuwa mwanafunzi, naye alikuwa mwalimu.